Ndizi za nyumbani zimegoma kuiva au kupikika: kutafuta kasoro ilipoanzia

Mara nyingi mpishi hulaumiwa kwa kosa la aliyekata mkungu, na aliyekata mkungu hulaumiwa kwa kosa la joto la stoo. Kabla ya kumwaga chakula au kuapa kutopanda tena mbegu ile, chukua ndizi moja mbichi, ikate katikati kwa upana na utazame mkato wake. Pembe kali na nyama nyeupe pe ni dalili ya ndizi changa. Mkato uliojaa, pembe zikiwa zimebaki alama tu, na nyama inayoelekea rangi ya krimu, ni ndizi iliyokomaa. Ukiona madoa ya rangi ya kutu ndani ya nyama, acha habari za jikoni kwanza na uende shambani.

Ndizi chache zimegeuka njano mkungu ukiwa bado mchanga

Kwa kawaida chane za juu huiva kwanza, kwa sababu ndizo zilizotangulia kutoka. Tofauti ya siku kadhaa kati ya chane ya juu na ya chini ni jambo la kawaida na haina tiba. Kinachotia shaka ni ndizi mbili tatu kugeuka njano hapa na pale, bila mpangilio, wakati ndizi zenyewe ni nyembamba na mkungu una wiki chache tu.

Pasua moja ya hizo. Nyama ikiwa na madoa ya kahawia au rangi ya kutu, na ua dume chini ya mkungu limesinyaa na kukauka, hiyo ni dalili ya mnyauko wa bakteria, ugonjwa ulioonekana Uganda mwaka 2001 na kuingia Kagera miaka michache baadaye. Hakikisha kwa kukata shina: ute wa rangi ya krimu au manjano huanza kuchuruzika kwenye mkato baada ya dakika chache. Hakuna dawa ya kuuponya. Kata shina lililougua usawa wa ardhi, usiling'oe kisiki chote ukajeruhi mizizi ya majirani zake, kisha ulirundike mbali na migomba mingine. Panga lililotumika lipitishwe kwenye moto hadi lipate joto kali, au lichovywe kwenye mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa ya kuondoa madoa kama Jik kwa sehemu tano za maji. Fanya hivyo kabla ya kugusa mgomba unaofuata, hata kama unaonekana mzima. Mkungu wa mgomba huo usiupeleke sokoni wala usimgawie jirani, na majani yake yasifungie mzigo.

Wadudu wanaotembelea maua ndio wanaobeba bakteria hao kutoka mgomba hadi mgomba. Kwa hiyo, chane ya mwisho ikishatoka, vunja ua dume kwa mti wenye panda. Kwa nini mti na si kisu? Kisu kinahamisha utomvu wa mgomba mgonjwa kwenda kwa mzima, mti unavunja tu. Kazi hii ni ya dakika moja na inashangaza jinsi inavyoachwa.

Mnyauko wa fuzari ni kitu kingine. Huo hugeuza njano majani ya chini kwanza, yakavunjika na kuning'inia shinani, na ukipasua shina unaona mistari ya kahawia inayoelekea wekundu. Ndani ya ndizi huoni doa lolote. Ndizi sukari hushambuliwa sana, ndizi za kupika za Kagera kwa kawaida hustahimili. Kuvu wake hukaa udongoni miaka mingi, hivyo shimo lile usirudishie mbegu ileile.

Ndizi ni nyembamba na mkungu hauongezeki

Hesabu majani. Mgomba unapotoa mkungu unahitaji angalau majani manane mazima ili uujaze. Kama sigatoka, ugonjwa wa kuvu wa majani, imeyachoma yakabaki manne, chakula cha kujaza ndizi hakipo, na mara nyingi ndizi hizo huanza kuiva zikiwa bado nyembamba. Kata sehemu zilizokauka, punguza machipukizi ili kila shina libaki na mama, mtoto na mjukuu, hewa ipite. Sababu nyingine ni njaa ya potasiamu, ambayo mgomba hula kuliko takriban kirutubisho kingine chochote. Majivu ya kuni yakichanganywa na samadi iliyooza husaidia mkungu ujao, si huu ulioko juu.

Mgomba ukianguka mzima mzima kabla ya mkungu kukomaa, tazama kisiki. Matundu na njia zilizojaa unga mweusi ni kazi ya funza wa fukusi. Mkungu huo ukiwa umejaa nusu na zaidi unafaa kupikwa. Usijisumbue kuuvundika.

Umekatwa mapema, au umechelewa?

Joto la pwani hujaza mkungu kwa siku 80 hadi 120 tangu ua litokeze. Kwenye miinuko yenye baridi ni miezi minne hadi sita. Kwa kuwa hakuna anayekumbuka tarehe, funga kamba au uzi wa rangi kwenye shina siku ua linapotokeza, rangi moja kwa kila mwezi. Mbali na tarehe, tazama mambo matatu: kingo za ndizi za chane ya katikati zimelainika, vijiua vikavu kwenye ncha vinakatika ukivigusa, na kijani kibichi kimeanza kufifia.

Ndizi za kupika kata zikiwa zimejaa kama robo tatu hadi karibu zote. Za kuivisha kata zikiwa zimejaa lakini kingo bado zinaonekana kidogo. Kungoja ziive juu ya mgomba ni kosa linalopendwa sana, kwa imani kwamba zitakuwa tamu zaidi. Haziwi. Ngozi hupasuka, hasa mvua ikinyesha baada ya kiangazi, nyama inakuwa ya ungaunga, na popo wanakutangulia.

Ukataji wenyewe unahitaji watu wawili. Mmoja anachanja shina kiasi, karibu na katikati ya urefu wake, upande ule mkungu unakoelekea, ili mgomba uiname polepole. Mwingine anaupokea mkungu begani, juu ya jani au kitambaa, ndipo kikonyo kinakatwa kikiachwa na mshikio wa sentimita 30 hivi. Mkungu ulioangushwa hauonyeshi jeraha siku hiyo. Jeraha hutokea siku ya kuiva, kama mabaka meusi laini, na hapo watu husema mbegu ni mbaya.

Ning'iniza mkungu kivulini utomvu umalizike, kisha tenga chane kwa kisu kikali na safi, ukikata karibu na kikonyo ili kitako cha chane kibaki kinene. Zilaze kitako kikiangalia chini juu ya majani kwa nusu saa. Utomvu ukiingia kwenye nguo hautoki tena, kwa hiyo vaa nguo ya shamba.

Vundiko lisiloleta matatizo

Ndizi huiva kwa gesi ya ethilini inayoitengeneza yenyewe. Kuvundika ni kuizuia gesi hiyo isitoroke, basi. Kwa mzigo mdogo wa nyumbani, kilo 10 hadi 15:

1. Tandika majani makavu ya mgomba kwenye ndoo kubwa, kasha la mbao au boksi. Chane ziwe kavu.
2. Panga chane zikisimama, na katikati weka ndizi mbivu tatu au nne, au papai lililoiva. Hizi ndizo zinazotoa gesi ya kuamsha nyingine.
3. Funika kwa majani na gunia, uache kwa saa 24 mahali penye kivuli. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 18 na 22 za Selsiasi. Dar es Salaam huwezi kulipata mchana, basi tafuta chumba cha ndani, sakafuni, mbali na bati.
4. Funua kwa dakika 15 hadi 20 hewa ibadilike, kisha funika tena. Rudia kila siku.
5. Rangi ikianza kubadilika, kwa kawaida siku ya 3 au ya 4, zitoe zote ziive wazi mezani.

Hatua ya 4 ndiyo inayorukwa. Ndizi hupumua, na kabonidioksidi ikijaa ndani ya kasha huzuia kazi ya ethilini. Anayefunga kwenye mfuko wa nailoni bila tundu hupata ndizi zenye unyevu, harufu ya pombe na ngozi ya kijani iliyofifia.

Moshi nao una ethilini, ndiyo maana shimo la moshi na dari juu ya jiko la kuni vimeivisha ndizi vizazi vingi. Tatizo la moshi ni joto. Moto uwe nje ya shimo, moshi uingizwe kwa bomba au mfereji, na mkono wako ukiingizwa ndani usihisi joto kali. Kabaidi tusiitaje kama njia. Gesi yake huivisha rangi ya ngozi, lakini kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosfini, na ndani ndizi inabaki ngumu na chapwa.

Laini ndani, kijani nje

Joto limezidi. Ndizi za kundi la Cavendish, zile za kuliwa mbivu, zikiivia kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi hulainika na kupata sukari, lakini ngozi haipotezi kijani chake. Zinalika, ila hazitauzika, na hazikai. Mzuzu hauna tabia hii: hugeuka njano hata kwenye joto la nyuzi 35. Kwa hiyo ukivundika aina hizi mbili pamoja chini ya bati, mzuzu utakuwa njano safi na wenzake kijani, na hakuna sababu ya kutafuta mchawi. Hamisha vundiko, na uvune alfajiri badala ya saa saba mchana.

Ngozi ya kijivu, imefubaa, na nyama haiivi

Hii ni baridi. Ndizi mbichi ikikaa chini ya nyuzi 13, chembe za ngozi hufa na kuiva hukoma. Haitarudi hata ukiitoa. Friji ndiyo mkosaji wa kwanza. Wa pili ni usiku wa Juni na Julai kwenye nyanda za juu kama Njombe na Makete, mkungu ukiachwa varandani. Ndizi iliyokwisha kuiva ni tofauti: ikiwekwa friji ngozi inakuwa nyeusi tii ndani ya siku mbili, nyama inabaki nzuri. Watu hutupa ndizi hizo bure.

Njano nje, ndani ngumu na ya ukakasi

Ilikatwa changa, au ililazimishwa. Kuvundika hakuongezi wanga ambao mgomba haukuweka. Ndizi iliyokomaa ina wanga wa takriban asilimia 20 ya uzito wake, na kuiva ni kuugeuza karibu wote kuwa sukari. Changa haina cha kugeuza, na tanini zake bado ziko huru, ndizo zinazokausha ulimi. Zipe siku mbili zaidi nje ya vundiko. Ukakasi usipoisha, zikaange au zitie kwenye maandazi. Zisizoiva kabisa na kusinyaa ngozi zimekosa unyevu pia: weka kitambaa kibichi juu ya gunia, kisigusane na ndizi.

Kitako kinaoza, madoa yanazama, ndizi zinachomoka

Kitako cha chane kinachoota ukungu mweupe na kuoza kuelekea vidoleni kilitengwa kwa kisu kichafu, au chane ilinyofolewa kwa mkono. Kata tena kitako kwa kisu safi, kikaushe, na safari ijayo osha chane kwa maji yanayobadilishwa, si beseni moja kwa mkungu mzima.

Vidoa vidogo vya kahawia vilivyosambaa juu ya ndizi mbivu ni ukomavu tu. Madoa meusi yanayozama, yakipanuka na kuota ungaunga wa rangi ya waridi katikati, ni chule, ugonjwa wa kuvu. Kuvu huyo huingia ndizi zikiwa bado changa shambani na kulala hadi zinapoiva, kwa hiyo kuosha siku ya kuvuna hakumwondoi. Ondoa majani makavu na mabaki ya maua juu ya mkungu mapema.

Ndizi zinazochomoka zenyewe ukiinua chane zimekaa kwenye vundiko muda mrefu mno penye joto na unyevu, au zilivunwa zimepitiliza.

Jikoni: zinakuwa nyeusi kabla hazijaingia sufuriani

Paka mikono mafuta ya kula, kata ncha mbili, chanja ganda kwa urefu, na menya ndani ya maji. Weusi unatokana na kimeng'enya kinachokutana na hewa. Maji yenye ndimu moja kwa lita mbili hukizuia. Ukiona maji yenyewe yanageuka bluu-nyeusi, hiyo si ndizi: ni chuma. Tanini ikikutana na kisu au sufuria ya chuma kitupu hutoa rangi kama wino. Tumia kisu kisichoshika kutu.

Zimechemka saa nzima, bado ngumu

Angalia kwanza kama nyanya, ndimu au ukwaju vilitangulia. Tindikali huzuia nyuzi za ndizi kulegea, na ndizi iliyoanzia kwenye mchuzi mchachu inaweza kubaki na kiini kigumu hata mchuzi ukikauka. Suuza ndizi zilizolowekwa kwenye ndimu, zichemshe hadi uma upite, ndipo utie nyanya. Magadi hufanya kinyume chake, hulainisha haraka. Ndiyo sababu kiburu cha Kilimanjaro, ndizi na maharage, wengi hukitia magadi, lakini yakizidi nusu kijiko cha chai kwa sufuria ya familia, chakula kinakuwa na ladha ya sabuni.

Sababu ya pili ni mwinuko. Maji huchemka kwa joto linalopungua nyuzi moja hivi kila unapopanda mita 300. Kwenye mita 1,500 ni kama nyuzi 95, hivyo muda wa kupika wa Tanga usiutegemee Marangu. Funika sufuria na uongeze robo saa.

Usizichanganye na ndizi zilizoanza kuiva bila kuonekana. Hizo hazibaki ngumu, hukaa katikati: utamu usiotakiwa, utelezi, na mchuzi wenye maji. Hazifai tena kwa mtori.

Mtori una mabonge, umekuwa gundi, au ni mchungu

Kwa ndizi mshale 12 hadi 15, nusu kilo ya nyama yenye mifupa na lita 2½ za maji, chemsha nyama kwanza saa moja hadi moja na nusu. Tia ndizi zilizokatwa vipande na kitunguu, pika dakika 25 hadi 35, toa nyama yote na mifupa, kisha ponda. Mabonge hutokana na vipande visivyolingana, au kuponda wakati supu imejaa: chota supu nusu uiweke pembeni, ponda ndizi zikiwa karibu kavu, halafu rudisha supu kidogo kidogo. Ukiponda sana kwa mashine ya umeme, wanga wote hutoka na mtori unavutika kama gundi. Mwiko au kipekecho vinatosha. Mtori uliolala huganda hata kama ulipikwa vizuri. Uongeze supu ya moto, si maji baridi.

Uchungu una chanzo cha aina mbili. Ganda la ndani la kijani halikumenywa likaisha, hasa kwenye pembe. Au ulikata mgomba usio wenyewe: ndizi za pombe za Kagera zinafanana kwa sura na ndizi za kupika, lakini ukizikata mbichi unaona vidoti vya kahawia vinavyonata ndani ya nyama. Hazipikiki zikawa tamu, peleka kwenye lubisi, pombe ya ndizi.

Ndizi za kufukiza kwenye majani zimeungua chini

Maji yaliisha, au hapakuwa na kitanda. Panga vipande vya uti wa jani la mgomba chini ya sufuria, mimina maji yasiyofika juu yake, weka kifurushi. Majani ya kufungia yapitishwe juu ya moto yalegee, la sivyo hupasuka na mvuke unatoroka. Baada ya saa moja hivi minya kifurushi kwa mikono juu ya kitambaa, kirudishe kwa nusu saa. Zikitoka na weupe badala ya njano, hazikuiva au zilikuwa changa.

Mzuzu unaungua nje, krispi hazikauki

Sukari ndiyo inayoungua. Kwa krispi tumia ndizi mbichi iliyokomaa, siku ileile au inayofuata baada ya kuvuna. Kata vipande vya milimita 1½ hadi 2, osha wanga hadi maji yawe meupe kidogo tu, kausha kwa kitambaa, kaanga kwenye mafuta ya nyuzi 170 hadi 180 kidogo kidogo. Chumvi baadaye. Kipande kinachogeuka kahawia ndani ya dakika moja huku katikati bado kinapinda ni cha ndizi iliyoanza kuiva: punguza moto, na usiibishanie, igeuze iwe ya kukaanga kwa kula moto.

Tui limekatika

Kwa mizuzu mbivu minne au mitano, nazi moja kubwa. Chemsha ndizi kwenye vikombe viwili vya tui jepesi, na hiliki, sukari vijiko viwili na chembe ya chumvi, dakika 15 hadi 20. Kikombe cha tui zito kiingie mwisho, moto mdogo, bila kifuniko, ukikoroga upande mmoja dakika tano tu. Tui zito likitokota kwa nguvu linatengana mafuta na maji. Likishakatika, epua, chota mchuzi kidogo upige na kijiko kimoja cha tui jingine, urudishe taratibu. Sura haitakuwa ileile, ladha ipo. Mzuzu wenye njano tupu utabaki mgumu kwenye tui. Subiri mabaka meusi yafike kama nusu ya ganda. Uliokwisha kuwa mweusi wote unasambaratika, huo ukaange.